Tumbo la Mke wa Asukile

Jumatatu, 1 Novemba 1954

Mvua ya kwanza imenyesha leo, tangu saa nane mchana mpaka karibu saa kumi na moja. Nimefungua daftari hili kwa sababu lile la mwaka jana limeliwa na mchwa. Nitaandika mvua, kazi za shamba na mambo ya shule yetu ya misheni, ambako mimi, Yotamu, nafundisha huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Mambo ya watu sitayaandika humu. Yana daftari lake, la baraza la wazee wa kanisa, na karani wake ni mimi huyu huyu.

Alhamisi, 4 Novemba

Mvua. Tumepanda maharage upande wa mtoni. Mke wa Asukile hakutoka. Mama Asukile, mke wangu, anasema yuko katika siku zake na anaumwa. Kila mwezi anaumwa. Wanawake wote wana siku hizo, na wote wanalima. Mwanangu Asukile yuko Kitwe tangu Mei ya mwaka jana, anachimba shaba chini ya ardhi, na huku mkewe amelala.

Jumapili, 7 Novemba

Baada ya ibada Mzee Anania, mwenyekiti wa baraza, alinivuta nyuma ya kanisa.

“Mwalimu, mkweo unamwona?”

Nikamjibu kwamba simwoni, na yeye anajua sababu. Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso. Akinisikia nakohoa njiani, huingia majanini akajifunika mpaka nipite. Wamisionari walituambia tuiache desturi hii. Tumeacha nyingi, hii imetushinda.

“Basi sisi wengine tunamwona,” akasema Anania. “Ana tumbo la miezi mitano.”

Nikahesabu njia nzima ya kurudi nyumbani. Mei ya mwaka jana mpaka Novemba hii ni miezi kumi na minane.

Jumamosi, 13 Novemba

Nimemwuliza Mama Asukile. Akasema tumbo lipo, ila mwenyewe anasema si mimba. Nikasema wote husema hivyo. Mvua kubwa, na upepo umelaza migomba mitatu.

Jumapili, 21 Novemba

Baraza limekaa. Kwa ajili yangu mke wa Asukile hakuingia ndani. Alisimama nje, chini ya dirisha, na majibu yake yakatufikia kupitia dirishani huku mvua ikimnyeshea.

Anania akamwuliza mimba ni ya nani.

“Si mimba,” akasema. “Hakichezi. Ni kigumu kama jiwe na kinaniuma. Iteni wakunga wanipime.”

“Mkunga atakupima siku yako ikifika,” akasema Anania, na wazee wakacheka. Nami nilicheka kidogo, ili wasione kwamba jambo lile ni la nyumbani kwangu.

Nimeandika: “Sekela, mke wa Asukile, ameonekana ana mimba ya nje ya ndoa. Amekana. Ametengwa na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu.” Mwandiko ulikuwa mzuri, haukutetemeka. Nilitaka wote waone kwamba sipendelei nyumba yangu.

Alhamisi, 25 Novemba

Nimemwandikia Asukile. Ukurasa mmoja.

Jumatano, 8 Desemba

Mvua.

Jumamosi, 25 Desemba

Krismasi. Kanisa lilijaa. Mke wa Asukile alikaa kwenye benchi la nyuma peke yake, ingawa watu wengine walisimama kwa kukosa nafasi. Hayo nimeyasikia kwa mke wangu. Mimi sikugeuka.

Jumanne, 18 Januari 1955

Barua ya Asukile imefika. Ni fupi. “Baba, kama ni kweli, mwondoe. Kama si kweli, Mungu anakuona.” Nilimsomea mama yake sentensi ya kwanza tu.

“Sitamwondoa mtu anayelia kwa maumivu,” akasema Mama Asukile. “Ukitaka, mwondoe mwenyewe.”

Mke wa Asukile amehamia katika jiko la zamani, nyuma ya ghala. Tumekubaliana akae huko mpaka ajifungue.

Ijumaa, 11 Februari

Mvua haikatiki. Darasani watoto wanakohoa. Anania kaniuliza kama “mtoto wa dirishani” bado hajazaliwa. Ndivyo wanavyomwita sasa. Nilisema bado.

Jumatano, 2 Machi

Lazima niandike taratibu.

Jana asubuhi nilikuwa darasani, nafundisha hesabu za mafungu, aliponijia mjumbe wa mke wangu: nirudi upesi, mke wa Asukile ameanguka. Nilimwambia mjumbe kwamba kazi hiyo ni ya wakunga. Nikamaliza somo. Nilimaliza somo lote.

Nilipofika walikuwa wamemtoa shambani na kumlaza jikoni. Mama Asukile alitoka nje akasimama mbele yangu. Khanga yake ilikuwa nyekundu kuanzia kiunoni.

“Baba Asukile, kuzaa hakuko hivi,” akasema. “Nimezaa mara sita. Hizi ni siku zake. Ni siku zake tu, na damu inatoka mabonge kama maini. Ameniambia ni hivi kila mwezi, na kila mwezi inazidi. Alikuwa anaificha, anafua mtoni kabla hatujaamka, kwa sababu ulisema ni mvivu.”

Nikauliza, na mtoto?

“Mtoto gani?” akasema. “Ulihesabu miezi ya nje. Siku za ndani hukuhesabu? Mwanamke anayepata siku zake kila mwezi, mimba ameibeba wapi? Ungeuliza siku moja tu, ungeambiwa.”

Tulifunga machela, wanaume wanne, tukamteremsha Mbeya mvuani, mwendo wa saa nne. Mimi nilitembea mbele, mbali, ili desturi isivunjike. Kila waliposimama kubadilishana mabega, nami nilisimama nikiwapa mgongo.

Alhamisi, 3 Machi

Daktari wa mjini amempima. Dresa mmoja wa hospitali, mfunga vidonda aitwaye Crispin, ndiye aliyetuletea habari nje barazani. Hakuna mimba, na haijawahi kuwapo. Kizazi kimeota uvimbe, wenyewe wanasema si ule wa kuua, ila ni mwingi, na ndio unaoleta maumivu na damu. Daktari anasema ataondoa kizazi chote. Mume hayupo, kwa hiyo baba wa mume atie sahihi.

Wakaniletea karatasi na kalamu. Nikaishika. Pale ndani, nyuma ya pazia, nikasikia sauti yake, dhaifu, akimwambia mke wangu kwa Kinyakyusa:

“Mama, mwambie baba asiandike tena juu yangu.”

Kalamu nikairudisha mezani. Crispin aliniangalia, kisha akanisogeza pembeni. Akasema katika misheni moja upande wa Iringa, mbele ya Ipogolo, kuna daktari mwanamke ambaye hukata uvimbe wenyewe, mmoja mmoja, akakiacha kizazi mahali pake. Si kila mgonjwa anafaa, akasema, na damu hupotea nyingi. Lakini wapo waliopona.

Mama Asukile alikwenda kumwuliza. Akarudi. “Anasema twende Iringa.”

Jumanne, 8 Machi

Tumepanda basi la Relwe, lile la shirika la reli, asubuhi. Nimeomba ruhusa shuleni. Tulipopita Chimala mvua ilikuwa kama ukuta.

Jumatano, 9 Machi

Igawa. Mto Mbarali umejaa na magari yamesimama. Tumekwama hapa na abiria wengine na malori matano. Mama wa Kisangu anauza ugali na samaki barazani kwake, na ametupa mkeka.

Yaliyotokea jana nilitaka kuyaacha. Nayaandika.

Ndani ya basi nilikaa mbele, wao wakakaa nyuma. Tulipofika hapa watu wakashuka, na kiti alichokalia mke wa Asukile kilikuwa na damu. Kondakta akaanza kupiga kelele. “Huyu mwanamke ni wa nani? Nani atasafisha hiki kiti? Mwenye mke huyu yuko wapi?” Abiria wakaguna, wengine wakaziba pua ingawa hapakuwa na harufu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake, nimevaa koti langu la Jumapili. Mtu mmoja akaniuliza kama nawafahamu. Nikamwambia tumepanda wote Mbeya. Basi. Tumepanda wote Mbeya.

Ni Mama Asukile aliyejibu, kwa Kiswahili chake cha maneno kumi. “Wangu. Mtoto wangu. Leta maji.” Akakisafisha kiti kwa khanga yake mwenyewe, mbele ya watu wote. Kisha akapita karibu yangu akitoka kumwaga maji, asiniangalie, kama kwamba mimi na yeye tulikuwa tumepanda wote Mbeya tu.

Alhamisi, 10 Machi

Bado Igawa. Mto umeshuka kidogo. Mke wangu hasemi nami.

Jumamosi, 12 Machi

Tulifika jana jioni. Hospitali iko mwendo wa nusu saa kwa mguu kutoka Ipogolo. Daktari ni mama wa Kizungu, mwembamba, mwenye mvi, na Kiswahili chake ni cha polepole lakini chasikika. Muuguzi wake, Benedicta, ni Mhehe aliyesoma Tosamaganga. Hapa Kinyakyusa hakuna anayekijua, na mke wa Asukile Kiswahili hakijui zaidi ya salamu. Kwa hiyo maswali yalipita vinywa vitatu: daktari aliniuliza mimi, mimi nikamwambia Mama Asukile, naye akamwuliza mgonjwa nyuma ya pazia. Majibu yakarudi njia ile ile.

Daktari akauliza damu hutoka siku ngapi na kiasi gani. Jibu lilikuja refu. Siku tisa. Nguo nane kwa siku. Mabonge. Kizunguzungu, moyo kwenda mbio, kuona giza akisimama. Maumivu ya kumfanya atambae. Nilisikia yote, maana pazia halizuii sauti. Maneno yale sijawahi kuyatamka mbele ya mwanamke yeyote, seuze Mzungu, seuze juu ya mke wa mwanangu. Nikasema, “Anasema anapata siku zake, na zinamwuma.”

Daktari akaandika. Kisha akaingia nyuma ya pazia. Alipotoka uso ulikuwa umebadilika.

“Mwalimu,” akasema, “nimegeuza kope zake. Ndani ni nyeupe kama karatasi, hana damu. Yeye amesema maneno mengi, wewe umenipa machache. Mengine uliyaweka wapi?”

Nilitazama pazia.

“Nikimpasua kwa maneno yako, atakufa mezani. Unaelewa?”

Benedicta alitazama chini. Alikuwa binti wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, naye aliona haya kwa ajili yangu. Nikaanza upya. Nikasema siku tisa. Nikasema nguo nane. Nikasema mabonge, na maini, na kutambaa. Nikayasema yote. Daktari akauliza imekuwa hivyo tangu lini. Safari hii mgonjwa hakumpitia Mama Asukile. Alijibu mwenyewe kwa sauti:

“Tangu mwaka niliofika kwa baba mkwe. Daktari aambiwe na hilo.”

Nikalisema na hilo.

Jumatatu, 14 Machi

Hatapasuliwa sasa. Kwanza wamwongezee damu mwilini kwa vidonge vya chuma, maini na mboga. Wiki nne. Tunakaa kwenye banda la jamaa za wagonjwa, tunapika wenyewe. Mvua za Iringa ni nyepesi kuliko zetu.

Jumamosi, 26 Machi

Mama Asukile amezungumza nami. Alisema chumvi imekwisha.

Jumatatu, 4 Aprili

Nimemwandikia Asukile. Kurasa sita, na mbili nimezichana kwa sababu nilikuwa najitetea. Zilizobaki zinasema: nilikuandikia uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini sikutafuta kujua. Mkeo ni mgonjwa na hana kosa. Alisema kweli mbele yetu, tukamcheka, nami nilicheka.

Jumamosi, 9 Aprili

Daktari anataka damu ya watu iwe tayari kwenye chupa siku ya kupasua. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nakiri nilifurahi. Nilijiona nikitoa damu yangu kwa ajili yake na mambo yote yakaishia hapo. Benedicta alinichoma kidole, akachukua tone, akaenda nalo. Akarudi akatikisa kichwa.

“Haipatani na yake, Mwalimu. Tukimpa hii itamwua.”

Ya Mama Asukile pia haikupatana. Wakawapima watumishi. Iliyokubali ni ya Kasian, fundi seremala wa hospitali, Mkatoliki wa Ipogolo, mtu ambaye hatujawahi kula naye hata kiazi. Nilimfuata kwenye karakana yake kumshukuru. Alikuwa anapiga randa mbao ya kitanda.

“Ni mgonjwa wako?” akaniuliza.

“Ni mke wa mwanangu,” nikasema. “Jina lake Sekela.”

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lake kwa mdomo nje ya baraza.

Jumatatu, 11 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Kesho ndiyo siku. Daktari alituita sote. Sekela alikaa nyuma ya pazia kama kawaida, lakini daktari akasema leo hataki vinywa vitatu. Nimwulize mwenyewe, naye anijibu mimi. Mama Asukile akainua mabega, maana yake niamue. Nikakisogeza kiti changu karibu na pazia, nikauelekeza uso wangu ukutani, nikasema naye. Ilikuwa mara ya kwanza, miaka minne tangu alipoolewa nyumbani kwangu.

Daktari alisema atakata uvimbe na kukishona kizazi. Lakini damu ikitoka kupita kiasi, itabidi aamue palepale: akiondoe kizazi chote ili mtu apone, au aendelee na hatari yake. Anataka kujua mgonjwa mwenyewe anasemaje.

Nikamweleza Sekela yote kwa Kinyakyusa, bila kupunguza. Kisha akasema:

“Mwambie ninataka kizazi kibaki. Afanye kila awezalo kibaki. Lakini kama ni kuchagua kati yangu na kizazi, anichague mimi.”

Hapa naandika jambo ambalo hakuna aliyeliona. Asukile ndiye mwanangu wa kiume wa pekee aliye hai. Nilikuwa na sentensi nyingine tayari mdomoni: “Anasema kizazi kisiondolewe kwa vyovyote.” Kiswahili chake kingekuwa safi. Sekela asingejua. Daktari asingejua. Mama Asukile asingeelewa. Nilikaa na sentensi hiyo mdomoni kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, nikimfikiria mjukuu.

Kisha nikasema, “Anasema kama ni kuchagua, umchague yeye.”

Daktari akaitika kwa kichwa. Akasukuma karatasi kwangu nitie sahihi. Nikaomba wino wa kidole, nikaupitisha chini ya pazia. Alama iliyopo kwenye karatasi ile ni ya kidole chake.

Jumanne, 12 Aprili

Aliingia saa mbili asubuhi. Saa tano bado. Mvua ilianza, ikaacha. Mama Asukile alikaa chini ya ukingo wa paa na mikono kichwani. Saa sita Benedicta alitoka akikimbia, akarudi na chupa ya pili ya damu ya Kasian. Sikuweza kuomba. Kila nilipoanza maneno niliona aibu, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba aliyoiibia.

Saa saba na nusu daktari akatoka. Aproni yake sitaieleza.

“Yuko hai,” akasema. “Na kizazi kipo. Nimekishona.”

Mama Asukile hakungoja nitafsiri. Aliona uso wa daktari, akaanza kulia.

Kisha daktari akaniita mimi peke yangu kwenye chumba cha pembeni. Juu ya meza palikuwa na beseni. “Tazama,” akasema. “Ukiulizwa kwenu, ueleze ulichokiona.” Uvimbe kumi na mmoja. Mwingine kama punje ya mahindi, mwingine kama kiazi, na mmoja mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, mweupe, mgumu. Nikaugusa kwa kidole. Ulikuwa mgumu kama jiwe. Alikuwa ametuambia neno hilo hilo akiwa amesimama mvuani, na mimi nilikuwa na wino na karatasi mbele yangu nikaandika “amekana.”

Alhamisi, 14 Aprili

Homa. Haijashuka.

Ijumaa, 15 Aprili

Homa.

Jumapili, 17 Aprili

Imeshuka. Ameomba uji, kisha ameomba mwingine.

Jumatatu, 25 Aprili

Daktari anasema anaweza kusafiri wiki ijayo, ila asibebe mzigo miezi mitatu. Nikamwuliza kama atazaa. Akasema, “Labda atazaa, labda hatazaa. Lakini hatatambaa tena.” Kisha akaniangalia. “Hilo la pili hukuliuliza.”

Jumanne, 3 Mei

Mbeya. Tuliposhuka kwenye basi, kaka yake Sekela, Mika, alikuwa anangoja na blanketi mkononi. Kumbe Sekela, kwa Kiswahili alichokiokota wodini, alimwomba Benedicta amwandikie barua kwao Masoko. Sekela alikwenda naye. Ujumbe wake kwangu ulipitia kwa Mama Asukile: anashukuru kwa safari. Kwetu harudi.

Mama Asukile alikuja njia nzima mvuani. Tulipofika nyumbani akaenda jikoni kule nyuma ya ghala, akalifagia.

Jumapili, 8 Mei

Baraza. Niliwaeleza yote, na beseni pia. Kisha Anania akasema, “Tumshukuru Mungu. Mwalimu, andika: Dada Sekela amesamehewa na kurudishwa kundini.”

Nikasema siwezi kuandika “amesamehewa.”

“Kwa nini?”

“Alikosa nini?”

Anania akasema si vizuri baraza lionekane limekosea, watu watadharau kila uamuzi. Tuandike neno la kati. Tulibishana mpaka saa ya ibada ikafika. Mwisho nikasimama, nikawaachia daftari na ufunguo wa kabati, nikaingia kanisani. Mbele ya watu wote nikasema: Sekela hakuwa na mimba. Alikuwa mgonjwa. Alituambia, na hatukumsikiliza. Niliyeandika ni mimi, na niliandika uongo juu ya mke wa mwanangu, na niliueneza mpaka Kitwe. Wengine walinitazama, wengine walitazama miguu yao. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Sikujisikia hivyo. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo, na hilo nililistahili.

Jumatano, 25 Mei

Mvua ya mwisho, nadhani. Asukile amefika. Amekonda. Alimsalimia mama yake kwanza, akakaa naye muda mrefu. Kwangu alisema, “Shikamoo, Baba,” basi. Nikamwuliza kama barua yangu ya pili ilimfikia. Akasema zote mbili anazo.

Jumatatu, 30 Mei

Asukile alikwenda Masoko kumchukua mkewe, amerudi peke yake. Sekela amemwambia kwamba hana ugomvi naye, ila hatatoka kwao mpaka baba wa mumewe aende aseme kwa watu wake kile alichokisema kanisani. “Waliambiwa binti yao ni malaya,” alisema. “Nani amewaambia kwamba siye?”

Ijumaa, 3 Juni

Nimekwenda. Asukile alinisindikiza, naye alitembea mbele. Hewa ilikuwa baridi na njia imekauka.

Baba yake Sekela ni mzee mwenye mkono mmoja unaotetemeka. Alikuwa ameita ndugu zake, na wanawake walikaa upande wao. Sekela alikuwa ndani, nyuma ya mlango wa mianzi. Hawakunipa kiti mpaka nimalize. Nilisema kwa kusimama, kwa Kinyakyusa, tangu mwanzo: nyuma ya kanisa, dirisha, kicheko, barua, somo nililolimaliza, kiti cha basi Igawa. Hili la Igawa Asukile hakuwa analijua. Nilimwona akigeuza uso. Nilimaliza na sentensi niliyotaka kuisema pale kwenye pazia, kwa sababu nilihisi nikiiacha hiyo nitakuwa nimepunguza tena.

Halafu sauti ikatoka nyuma ya mlango.

“Baba. Kwa miaka minne, uliwahi kumtuma mama aniulize ninaumwa nini?”

“Hapana,” nikasema.

“Nimesikia,” akasema.

Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Baba yake akaagiza niletewe kigoda, na maji ya kunywa.

Alhamisi, 16 Juni

Tunavuna maharage. Mama Asukile kapokea habari: Sekela atakwenda Kitwe na mumewe. Mgodi umempa nyumba ya chumba kimoja. Nilitaka kupeleka neno, nikakosa la kupeleka. Mama Asukile amewafungia maharage na unga.

Jumapili, 19 Juni

Wameondoka leo asubuhi kwa gari la Tunduma. Mama Asukile aliteremka Mbeya kuwaaga. Anasema Sekela alitembea wima, alicheka na Mika, na alipanda gari bila kushikwa mkono. Hapa hawakupitia.

Alasiri nilikuwa uani napepeta maharage. Mzee Anania akapita njiani, akasimama kwenye uzio na fimbo yake. Watu wawili waliokuwa naye wakasimama pia.

“Mwalimu,” akaita, “tumesikia vijana wamesafiri. Mbona wameondoka bila kumuaga baba?”

Gari la Tunduma huondoka mapema, na kila mtu anajua. Jibu hilo lilikuwa pale, rahisi, na wasingeuliza tena. Nikaweka ungo chini.

“Ingieni mkae,” nikasema. “Niwaeleze.”